Bilamaji na Kopo la Maziwa Machungu

Hivi ni nani aliyekudanganya kwamba ulimi wako ni maabara?

Usijifanye hujasikia. Kila mji una watu wachache waliokonda vyuoni wakisomea maradhi ya watoto, na una umati mzima usiosomea chochote ila umeonja. Na siku zote mwonjaji ndiye anayesikilizwa. Daktari akisema, watu huitikia kwa adabu, huaga, kisha huendelea na yao. Lakini jirani akitumbukiza kidole kwenye uji wa mtoto, akakilamba na kukunja uso, hukumu imeshapita na haina rufaa.

Ulimi ulioheshimiwa kuliko ndimi zote za mtaa mmoja ulikuwa wa muuza maziwa ambaye hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Bilamaji. Ukutani mwa duka lake, chumba kimoja chenye meza ya vigae, madumu ya aluminiamu na feni iliyozunguka inapojisikia, aliandikisha kwa rangi nyekundu: MAZIWA BILA MAJI. Mchoraji aliishiwa na nafasi, akayabana maneno mawili ya mwisho yakawa moja, na mwenye duka naye akabanwa humohumo.

Haki yake apewe, hakuwa mwongo. Alfajiri alipokea maziwa mlangoni kwa nyuma na kuyapima kila dumu. Alikuwa na kile kipimo cha kioo kinachoelea, akakitumbukiza kwa heshima ya waliokitengeneza, lakini hakimu wake wa kweli alikuwa ukucha wa dole gumba. Alidondosha tone juu yake. Maziwa safi hukaa pale yametulia kama ushanga. Yaliyotiwa maji hukimbia kama mwizi aliyeitwa jina. Baada ya ukucha ukafuata ulimi, na baada ya ulimi hapakuwa na mjadala. Asubuhi moja alimwaga dumu zima la mletaji mmoja mtaroni, foleni ikishuhudia, na tangu siku hiyo watu wakasema hata machozi ya Bilamaji yana utando.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona sebuleni. Alipojifungua mtoto wao wa kwanza aliugua vibaya, akalazwa, na aliporudi nyumbani matiti yalikuwa yamekauka. Mtoto akaanzishiwa maziwa ya kopo ya kawaida. Walimwita Bosi, kwa sababu kuanzia siku aliyoingia mlangoni nyumba nzima ilikuwa imeajiriwa naye: analala wakati wa kazi, anafoka bila sababu, na hakuna anayethubutu kuacha kazi. Baba akawa Baba Bosi, mama akawa Mama Bosi, na nyanya yake, mama mzazi wa Bilamaji aliyekuja kusaidia ulezi, akabaki Bibi, cheo ambacho hakihitaji nyongeza.

Lakini Bosi hakunawiri. Ngozi ilimwiva nyekundu mashavuni na nyuma ya magoti, ikapasuka na kutoa majimaji. Kila akinywa alitapika. Halafu Mama Bosi akaona nyuzi za damu kwenye nepi, akaacha gauni la mteja likiwa na mkono mmoja, akambeba mtoto mpaka hospitali, mumewe na Bibi wakimfuata.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya mtu aliyezoea kurudia jambo. Alimkagua Bosi, akauliza maswali mengi, akasema mtoto ana mzio wa maziwa ya ng'ombe.

Bibi alishtuka. Kwa watu wa umri wake mzio ni mwiko, kitu ulichokatazwa kukila, na mwiko lazima uwe na mwenyewe.

“Nani kamkataza?” akauliza.

“Mwili wake mwenyewe, bibi,” daktari akajibu.

Bibi hakuridhika. Mwili wa mtoto asiyejua hata kushika kijiko, uanze kutoa amri? Akapendekeza maziwa ya mbuzi. Daktari akamweleza kwamba mbuzi na ng'ombe ni ndugu wa karibu, na mwili unaomfukuza mmoja kwa kawaida humfukuza na mwenzake. Bibi akanyamaza, lakini ule unyamavu wa mtu anayeahirisha kesi.

Bilamaji naye alikuwa na msiba wake wa pembeni. Mtoto wa mwalimu kukataa shule ni jambo la kawaida. Mtoto wa muuza maziwa kukataa maziwa ni tangazo la biashara, tena la bure. Akamwomba mkewe habari ile isivuke kizingiti.

Daktari akatoa kopo. Yalikuwa maziwa maalumu ya watoto wenye mzio, na kabla hayajakabidhiwa ilibidi lifunguliwe kabati lenye kufuli, maana katika nchi hizi zetu soda hupatikana mpaka kwenye kichochoro kisicho na bomba la maji, ila chakula cha mtoto mgonjwa hulindwa kama almasi. Bilamaji akauliza swali la maana, pengine la mwisho la maana kwa majuma kadhaa: ni salama?

Daktari hakumficha. Alisema haya nayo yametokana na ng'ombe, ila protini zake zimekatwakatwa vipande vidogo mno, mpaka mwili wa mtoto hauzitambui tena. Yamejaribiwa kwa watoto wenye ugonjwa huuhuu, na walio wengi sana huyanywa bila tatizo. Wapo wachache ambao hata vile vipande huwaudhi. Kwa hao lipo kopo jingine lisilo na ng'ombe kabisa, lakini hapa halipo, ni mpaka hospitali kubwa, mbali. Kwa hiyo wamwangalie mtoto, na akibadilika warudi upesi. Na kisiingie kitu kingine chochote, hata kijiko kimoja. Harufu yake si nzuri, ladha ni chungu, wasihangaike nayo.

Mama Bosi alielewa papo hapo. Koti la mwizi anayejulikana, alisema, ukilikata vipande vya ukubwa wa kifungo, mlinzi wa getini hawezi kumtambua mwenyewe. Daktari akacheka, akasema mfano huo atauiba.

Bilamaji hakucheka. Yeye lilimganda neno moja: yamekatwa. Katika biashara yake, maziwa yakikatika yameharibika. Unayaweka jikoni, yanajitenga, mabonge huku na maji kule, na mtu mwaminifu huyamwaga. Na sasa mtaalamu, bila haya, amekiri mbele yake kwamba anampa mwanawe maziwa yaliyokatika, tena kwa makusudi, tena kiwandani. Hakuuliza. Angeuliza, kisa hiki kingeishia hapa na mimi ningebaki bila kazi. Lakini mwanamume aliyesifiwa kwa kujua maziwa anaulizaje habari za maziwa?

Nyumbani Mama Bosi akachanganya chupa ya kwanza kwa maji yaliyochemshwa, kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Alipogeuka kuchukua kitambaa, Bilamaji akamimina kidogo kwenye kikombe. Kwanza akanusa. Ilikuwa harufu ya viazi vilivyochemshwa, vikasahaulika sufuriani, vikakumbukwa wakati havifai tena. Akadondosha tone juu ya ukucha, likakimbia. Akaonja; akatema dirishani.

Ukucha umesema, pua imesema, ulimi umesema. Daktari mwenyewe amesema. Mashahidi wanne wanatosha hata kwa kesi ya mauaji.

Alitaka kulitupa kopo siku ileile, ila mkewe alilikumbatia kwa namna iliyomfanya aone heri asubiri. Siku za mwanzo Bosi alikunja uso, akanyonya nusu chupa na kuiacha. Lakini mashavu yalianza kupoa. Matapishi yakapungua, na Mama Bosi akarudi kwenye lile gauni la mkono mmoja. Je, Bilamaji aliyaona haya? Aliyaona. Ila alichokihesabia uzito ni ile nusu chupa inayobaki. Alijua maana yake: mteja akiacha maziwa, maziwa yana kasoro.

Mchana ulikuwa zamu yake ya kumlisha mtoto, kwa kuwa duka lilifungwa jua linapokuwa kali na mkewe alikuwa na washitiri. Alasiri moja akachota kijiko cha maziwa yake mwenyewe, yale yasiyo na shaka, ambayo aliyachemsha, akayaacha yakapoa, akayachemsha tena, kisha akayachemsha mara nyingine kwa ajili ya huo mzio, maana hakuna uchafu unaostahimili moto mara tatu. Akakitia kwenye chupa na kutikisa. Kijiko tu. Cha kuyapa adabu.

Bosi akanywa zaidi ya siku zote. Bilamaji akatazama pembeni kwa unyenyekevu, kama mtu aliyeokoa maisha na hataki sifa.

Ndivyo mtu ambaye maisha yake yote alipigana na wanaotia kitu kisichotakiwa ndani ya maziwa alivyoanza kutia kitu kisichotakiwa ndani ya maziwa. Na kwa moyo mweupe, ambao ndio hatari zaidi. Mwenye moyo mweusi angalau huwa na wasiwasi.

Usishangae kilichofuata. Ngozi ikarudi kuiva. Matapishi yakarudi. Mama Bosi akasema labda ni joto. Bibi akaifungua tena ile kesi aliyoiahirisha: alilisogelea kopo, akalinusa, akatangaza kwamba hata paka hawezi kudanganywa na kitu kile. Na Bilamaji, mchunguzi makini, akaona ushahidi wake umekamilika. Kopo linamdhuru mtoto. Dawa ya kopo ni kijiko. Mtoto amezidi kuugua. Basi dawa haitoshi. Akaongeza. Kijiko kikawa viwili, kisha akaacha kutumia kijiko.

Alasiri ambayo chupa ilikuwa karibu nusu kwa nusu, Bosi hakuimaliza. Midomo ilimvimba kama aliyeumwa na nyuki, macho yakazibwa na uso, na pumzi ikaanza kupiga mluzi. Mama Bosi aliinuka cherehanini na sindano ikiwa bado mdomoni. Safari yao ya hospitali sitaisimulia. Kila aliyewahi kukimbia na mtoto anayehangaika kuvuta pumzi anaijua, na asiyeijua na asiijue kamwe.

Wauguzi walimchoma sindano, wakampa hewa. Baada ya muda mluzi ukakoma na Bosi akalia kilio chake halisi, kile cha kufoka, na Bilamaji, mkewe na Bibi wakaketi kwa pamoja.

Daktari alirudi na uso mzito. Alisema huenda Bosi ni mmoja wa wale wachache wanaokataa hata vile vipande. Ikiwa ndivyo, kopo hili linasimamishwa leo. Mtoto itabidi apelekwe hospitali kubwa, alazwe, wasubiri lile jingine. Litapatikana lini? Hakuweza kuahidi. Mara ya mwisho alimwagizia mtoto mwingine, na lilichelewa sana. Na katika kusubiri huko atanyweshwa nini? Daktari akasema hilo ndilo linalomsumbua. Mtoto hajafika umri wa kushibishwa na uji, na katika vyote vilivyopo hapa, hiki wanachotaka kumwondolea ndicho pekee walichokuwa nacho.

“Ndiyo maana nauliza tena,” akasema. “Kuna kitu kingine chochote kilichoingia? Protini nzima ya maziwa, hata kidogo, ingemfanya hivihivi. Kabla sijalilaumu kopo, nataka kuwa na hakika.”

Mama Bosi akaapa hakuna. Alisema yeye huosha mikono, huchemsha chupa, hupima kwa kijiko cha kopo na kukisawazisha kwa kisu. Alikuwa akisema kweli tupu, na machozi yalimdondokea juu ya kanga aliyomfunikia mtoto.

Bilamaji aliyatazama madirisha. Neno “nzima” lilikuwa limemwingia sikioni likakataa kutoka. Nzima. Kwa hiyo kukatwa si kukatika. Kwa hiyo vile vipande vilikuwa ndiyo kazi yenyewe, na yeye kila alasiri alichukua koti la mwizi, zima, lenye vifungo vyote na jina kwenye kola, akampitishia mwanawe getini. Aliona ukuta wa duka lake na zile herufi nyekundu. Aliiona foleni. Aliona pia, bila kutaka, gari likielekea hospitali kubwa, na Bosi ndani yake, akinyimwa chakula pekee kinachomfaa kwa sababu baba yake ana jina zuri.

Na pengine angeendelea kutazama madirisha. Wangapi wametazama madirisha wakafa na heshima zao? Lakini Bibi, aliyeona mwanawe amekaa kimya akadhani ametukanwa, aliinuka kumtetea. Akamwambia daktari kwamba nyumba yao si ya kuulizwa maswali ya namna hii. Aende mtaani akaulize. Yupo nani asiyemjua mwanawe?

“Binti yangu, huyu hata tone la maji hajawahi kutia kwenye maziwa,” akasema. “Hata tone.”

“Maji sikutia, mama,” Bilamaji akasema. “Nilitia maziwa.”

Hakuna aliyeelewa mara moja, kwa hiyo ikambidi arudie, na ile ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Akaeleza ukucha, ulimi, neno kukatika, kuchemsha mara tatu. Daktari hakufoka, jambo lililomuumiza kuliko kufokewa. Aliuliza kiasi gani, tangu lini, chupa zipi, na kila jibu lilipokuja uso wake ulizidi kufunguka, mpaka Bilamaji akashangaa kuona kwamba aibu yake ilikuwa habari njema.

Mama Bosi akafuta uso kwa ncha ya kanga.

“Baba Bosi,” akasema kwa upole unaotisha, “watu wote wanaghushi maziwa kwa maji. Dunia nzima. Umepatikana wewe mmoja wa kutughushia dawa kwa maziwa safi.”

Daktari akaamua. Hakuna ushahidi wowote kwamba kopo lina kosa. Kopo halijawahi kupewa nafasi. Bosi atalala wodini, apumzishwe kwanza, kisha arudishiwe maziwa yaleyale, yenyewe tu, kidogo kidogo, wauguzi wakimwangalia. Akistahimili, safari ya hospitali kubwa imekufa. Kuhusu moto, alimwambia Bilamaji wakati anaondoka, moto huua vijidudu. Mzio si kijidudu. Akamshauri pia kwamba siku nyingine neno likimtatiza aulize, hata kama ni neno analolifanyia biashara. Wanaume hawakuruhusiwa kulala katika wodi ile, na mkewe hakumwombea ruhusa.

Kesho yake asubuhi Bilamaji hakufungua duka. Alifika wodini wakati wahudumu wanapiga deki, akasimama mlangoni asikanyage sakafu mbichi, na kutoka hapo aliona yote.

Uso wa Bosi ulikuwa umerudi kuwa uso. Mama Bosi alikuwa amelala amekaa, kichwa ukutani. Bosi alikuwa mapajani mwa Bibi, na chupa ilikuwa mkononi mwa Bibi, yuleyule wa paka asiyedanganywa, na muuguzi alisimama karibu akimwangalia mtoto kifua na midomo. Mtoto alinyonya, akakunja uso kwa uchungu wa ladha, akanyonya tena. Hakuwa na hiari wala malalamiko, alikuwa kazini.

Kwenye kitanda cha pili palikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuja kuuguza mjukuu wake. Harufu ilimfikia. Alisogea kwa wema wote wa jirani, akasema maziwa hayo bila shaka yameharibika, akanyoosha kidole chake kwenye tone lililochuruzika pembeni ya chupa ili aonje awasaidie. Nyumbani, akasema, yeye huwa anatia kijiko cha—

Bibi akaushika ule mkono hewani.

“Dada,” akamuuliza, taratibu, ili asimwamshe mkwewe, “huo ulimi wako umesomea wapi?”

Yule mama akarudi kitandani kwake akiwa amevimba kwa namna nyingine. Muuguzi akageuka upande ili acheke. Bosi akavuta mpaka chupa ikatoa sauti ya upepo mtupu, akaachia, akabeua kwa nguvu kama mtu mzima aliyekaribishwa vizuri. Hakutapika. Mashavu hayakubadilika.

Ndipo Bibi akainua kichwa, akamwona mwanawe pale mlangoni na viatu vyake mkononi. Hakumsalimu. Alinyoosha dole gumba, akaipindua chupa juu ya ukucha, akaitikisa mara moja, akaitikisa tena, huku anamtazama usoni.

Halikudondoka hata tone la kupima.